Sura ya 6: Kipanya Kimechomekwa, Mbona Kompyuta Haikioni?

Mwanafunzi anaingia kwenye secrétariat public, mojawapo ya vile vyumba vya kuchapa na kuprinti barua vilivyosambaa mtaa wa Makiso hapa Kisangani, kompyuta yake ikiwa kwapani. "Papa, souris haitembei. Naichomeka, machine haiioni." Fundi anatikisa waya, anabonyeza mara mbili tatu, kisha anatoa hukumu: "Tuformater tu, ndugu."

Kuformater ni kufuta diski na kusakinisha kila kitu upya. Baada ya hapo kipanya huenda kikaamka, huenda kisiamke. Lakini kazi ya kumaliza masomo iliyokuwa ndani ya diski hiyo, bila nakala mahali pengine, hairudi.

Swali la mwanafunzi huyu ni swali la mama anayeandika hesabu za duka, la katibu wa parokia na la mwalimu anayechapa mitihani: kitu nimekichomeka, mbona hakionekani? Jibu lipo, na mara nyingi unaweza kulipata mwenyewe bila bisibisi na bila kufuta hata faili moja. Ninachosisitiza katika sura hii nzima ni hiki: hakuna sababu ya kufuta diski kwa ajili ya kipanya kabla ya kujua kosa liko upande gani, kwenye kipanya chenyewe, kwenye tundu, au kwenye mfumo endeshi. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayosimamia kompyuta yote, kama Windows au Linux.

Kinachotokea unapochomeka

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa Marekani mwaka 1964 na Douglas Engelbart pamoja na Bill English. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake. Cha leo kina akili zaidi: kabla hakijasogeza kishale hata kidogo, lazima kwanza kijieleze kwa kompyuta.

Kinajieleza kupitia USB, lile tundu bapa lililoanza mwaka 1996 ili vifaa vya kila aina vitumie plagi moja. Ndani ya waya wa kipanya mna nyaya nne nyembamba. Mbili zinaleta umeme wa volti 5, na mbili zinapitisha mazungumzo, yaani data.

Mfikirie mgeni anayefika nyumbani kwako. Anabisha hodi, anajitaja jina, kisha anakaribishwa ndani. Kipanya nacho hufanya hivyohivyo. Hodi yake ni umeme mdogo anaoupandisha kwenye waya mmoja wa data. Kompyuta ikiona waya huo umepanda, inajua kuna aliyefika. Inampa namba ya anwani na kumwuliza yeye ni nani. Kipanya kinajibu kwa namba mbili, moja ya kampuni na nyingine ya aina ya kifaa. Vifaa vya Logitech, kwa mfano, hujitaja kwa 046D. Mwishoni mfumo endeshi unakitafutia draiva, programu ndogo inayojua kuongea na kifaa cha namna hiyo.

Windows na Linux zote zinakuja na draiva ya vipanya vya kawaida tayari. Kwa hiyo mtu akikuambia ununue megabaiti ukapakue draiva ya kipanya cha kawaida chenye waya, mwombe kwanza akuonyeshe tatizo liko wapi.

Kwa kifupi: hodi, jina, karibu. Kipanya kisichoonekana kimekwama kwenye mojawapo ya hatua hizo, na kila hatua ina dalili yake.

Kujua kimekwama wapi

Fungua sauti ya kompyuta, chomoa kipanya, kisha kichomeke tena. Windows hutoa mlio mfupi kila kifaa cha USB kinapofika na mwingine kinapoondoka. Kama jenereta ya jirani inanguruma, vaa spika za masikioni. Mlio huo ndio hodi kusikika.

Hatua ya pili ni kufungua orodha ya vifaa, ambayo kwenye Windows ya Kifaransa inaitwa Gestionnaire de périphériques. Huna kipanya, basi tumia kibodi: shika kitufe chenye alama ya Windows, bonyeza R, andika devmgmt.msc, kisha bonyeza Entrée.

Hapo kibodi inaweza kukuangusha. Mashine zilizotumika Ubelgiji au Ufaransa kabla ya kufika kwetu zina kibodi ya AZERTY. Zilizopitia Dubai au Kampala na kuja kwa barabara ya Bunia na Nia-Nia mara nyingi zina QWERTY. Kwenye AZERTY herufi M iko kulia kwa L, na nukta inapatikana kwa kushika Shift. Taabu inakuja pale kibodi ni AZERTY lakini Windows imewekwa kwa mpangilio wa Kiingereza: unabonyeza M, skrini inaandika nukta-mkato. Ikiwa ndivyo, M utaipata kwenye kitufe chenye alama ya mkato, kulia kwa N, na nukta utaipata kwenye kitufe chenye nukta mbili. Herufi nyingine zote za neno hilo ziko palepale kwenye kibodi zote mbili.

Orodha ikiwa wazi, chomoa na uchomeke huku ukiitazama. Utaona moja kati ya mambo matatu:

– Orodha haitikisiki na hakuna mlio. Hodi haikusikika.
– Orodha inajichora upya na kutokea mstari wa "Périphérique USB inconnu". Hodi imesikika, jina halikueleweka.
– Kipanya kinaorodheshwa vizuri lakini kishale hakisogei. Mgeni ameshaingia, tatizo liko ndani.

Anayetumia Linux afungue dirisha la kuandika amri, aandike lsusb kabla na baada ya kuchomeka, alinganishe orodha mbili. Mstari ulioongezeka ndio kipanya chake.

Kimya kabisa

Hali hii ndiyo inayopeleka watu wengi kwa fundi, na ndiyo yenye sababu nyingi zaidi, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Geuza kipanya utazame taa ya chini. Ikiwaka, umeme unafika. Haimaanishi kwamba data inafika, kwa sababu nyaya za umeme na za data ni tofauti. Na isipowaka, usikitupe bado: vipanya vingine hutumia mwanga ambao jicho la mtu halioni.

Sasa shika waya pale unapoingia kwenye mwili wa kipanya, ile shingo inayokunjwa kila unapokizungushia waya na kukitia mfukoni. Kipanya cha bei ndogo hufia hapo kuliko mahali pengine popote. Kichomeke, shingo iwe kati ya vidole viwili, uikunje polepole kushoto, kulia, juu, chini. Ukisikia mlio wa kufika na kuondoka ukipishana, umeshapata ugonjwa: waya umekatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Fundi mwenye chuma cha kulehemu risasi anaweza kukata kipande kibovu na kuunganisha nyaya rangi kwa rangi, kila moja na utepe wake. Kwa kawaida nyekundu na nyeusi ni za umeme, nyeupe na kijani ni za data, ila watengenezaji wa bei ndogo hawafuati rangi hizo siku zote.

Kama shingo ni nzima, tenganisha kipanya na tundu. Watu husema wajaribu kwenye kompyuta nyingine, lakini wengi hawana kompyuta nyingine. Simu wanayo. Simu nyingi za Android zinakubali kipanya kupitia kile kiunganishi kidogo kinachoitwa OTG, kichwa kimoja cha simu na kingine tundu la USB. Wauza vifaa vya simu wanacho. Chomeka kipanya humo, utaona kishale kinatokea kwenye kioo cha simu na kutembea. Kikitembea, kipanya ni kizima na kosa liko kwenye kompyuta. Kisipotembea, jaribu flash kwenye OTG hiyohiyo: simu ikiisoma flash, basi kipanya ndicho kibovu. Jaribio hili linafanyika hata umeme ukiwa umekatika mji mzima, na kwa maoni yangu ni bora kuliko lolote unaloweza kufanya bila vifaa.

Tundu nalo lijaribiwe kwa flash unayoiamini. Ninasema unayoiamini kwa sababu flash zinazozunguka kwenye secrétariats hubeba virusi kutoka mashine hadi mashine. Flash ikisomeka, tundu linafanya kazi. Isiposomeka, zima mashine na umulike ndani kwa tochi. Kisangani iko kilomita zisizofika 60 kaskazini ya ikweta, kando ya mto, na mvua hainyimi mwezi wowote wa mwaka. Unyevu huo, pamoja na vumbi, hufunika vibati vya shaba kwa utando wa kijani au mweupe. Mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa umeme, pangusa kwa kijiti chembamba chenye pamba na alkoholi safi, uache pakauke. Kibati kilichopinda au kugusana na mwenzake ni kazi ya fundi.

Kwenye kompyuta ya mezani, matundu ya mbele huunganishwa na bodi kuu kwa kebo ya ndani ambayo mara nyingi imelegea au haikuunganishwa kabisa tangu mashine ilipofunguliwa mara ya mwisho. Ya nyuma yamelehemiwa kwenye bodi yenyewe. Anza na ya nyuma.

Umeme unaogawanywa

Tundu la kawaida la USB hutoa miliampea 500. Kipanya kinahitaji chini ya 100, kwa hiyo peke yake hakina shida. Lakini ingia kwenye chumba cha kuchapa siku umeme umerudi: kigawanyo kimoja chenye matundu manne, humo mna kibodi, kipanya, flash ya mteja na simu inayochajiwa. Zote zinakula kwenye zile 500, na simu haina kiasi. Volti inashuka, na kipanya ambacho jana kilikuwa kizima kinazimika au kinajitaja vibaya. Toa simu kwanza.

Umeme wa mji una mchango wake. Kituo cha SNEL, shirika la umeme la taifa, kwenye mto Tshopo kilijengwa wakati wa Wabelgiji, kina mitambo mitatu isiyofikia megawati 20 kwa pamoja, na mji umekua mara nyingi tangu hapo. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, au jenereta ndogo inapoyumba mafriji yakiwaka, bodi ya kompyuta inaweza kuyafunga matundu ya USB ili kujikinga. Chomoa kila kitu, pamoja na waya wa umeme. Kwenye laptopu toa na betri kama inatoka. Bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, subiri kidogo, kisha washa ukiwa umechomeka kipanya peke yake. Stabilisateur, yaani kifaa cha kutuliza volti, inayofanya kazi kweli itakuokoa na mengi kuliko kipanya cha bei kubwa.

Kwa kifupi: kimya ni tatizo la waya, tundu au umeme. Windows haihusiki sana hapa, na kuformater hakutaunganisha waya uliokatika.

"Périphérique USB inconnu"

Kompyuta imesikia hodi lakini jibu lilikuja limekatika. Mara nyingi orodha itaongeza Code 43. Sababu ya kwanza ni ileile ya waya: ukikatika mmoja wa data na mwingine ukabaki, hodi inapita na jina halipiti. Sababu ya pili ni volti ndogo. Ya tatu ni Windows kung'ang'ania kumbukumbu mbaya ya mara iliyopita.

Hiyo ya tatu inatibika bure. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukizima mashine kwa kawaida, mfumo huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho uwake haraka, na kosa linaweza kulala humo na kuamka nalo. Chagua Redémarrer, si Arrêter. Ikishindikana, nenda kwenye orodha ya vifaa, tumia Tab na vishale vya kibodi hadi mstari wa kifaa kisichojulikana, bonyeza Suppr, kubali kwa Entrée, chomoa kipanya, kisha Redémarrer. Futa mstari huo tu. Ukifuta kibodi au vidhibiti vya USB huku huna kipanya, utabaki mbele ya mashine isiyokusikia kwa njia yoyote.

Kimeonekana, lakini hakisogei

Hapa ni mambo madogo. Kioo cha meza na meza inayong'aa huchanganya jicho la kipanya. Weka karatasi chini yake. Pulizia tundu la jicho, maana unywele mmoja unatosha. Kama kishale kinasimama kila baada ya dakika kadhaa na kuamka ukichomoa, Windows inalaza tundu ili kubana umeme. Kwenye sifa za kifaa, ukurasa wa Gestion de l'alimentation, ondoa ruhusa hiyo.

Visivyo na waya

Kuna aina mbili, nazo zinachanganywa sana. Ya kwanza ina kipokeaji, kile kichwa kidogo cha USB, na kwa kawaida kila kipanya kinasikilizwa na kipokeaji chake tu. Kwenye chumba chenye mashine kadhaa zenye vipanya vya kufanana, vipokeaji vikibadilishana mahali, kila mtu atasogeza kishale cha mwenzake au hatasogeza chochote. Vitie alama ya rangi. Vipokeaji vichache, kama vya Unifying vya Logitech, vinaweza kufundishwa kusikiliza hadi vifaa sita, lakini hiyo ni ya vipanya vyenye alama hiyo tu. Aina ya pili ni ya Bluetooth, haina kipokeaji, na lazima iunganishwe kwanza kwenye mipangilio. Kama kompyuta haina Bluetooth, hakuna la kufanya ila kununua kiunganishi.

Kipokeaji kikisikika kwa mlio na kishale kikabaki kimelala, tazama swichi iliyo chini ya kipanya, kisha betri. Betri za bei ndogo huvuja na kuacha unga mweupe kwenye chemchemi. Upanguse kabla ya kuweka mpya. Kipokeaji kilichowekwa nyuma ya kasha la chuma, au ubavuni mwa flash ya USB 3, husikia vibaya. Kihamishie mbele.

Kilikuwa kizima kabla ya kuformater

Malalamiko haya yana historia inayofaa kujulikana. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, na draiva za USB 3, aina mpya yenye kasi, hazikuwamo. Kuanzia mwaka 2015 kompyuta zenye kichakata cha Intel cha kizazi cha sita zilianza kupitisha matundu yote ya USB kwenye kidhibiti kipya, hata yale yenye rangi nyeusi. Sasa fundi anayeipenda Windows 7 kwa wepesi wake akiisakinisha kwenye mashine ya namna hiyo, kipanya cha USB kinakufa, pamoja na kibodi ya USB. Mteja anaambiwa bodi imeungua. Haijaungua. Inakosa draiva za kidhibiti cha USB, ambazo huwekwa kwenye flash ya kusakinishia kabla ya kazi. Laptopu nyingi huokolewa na kibao cha mguso na kibodi yake, ambavyo kwa kawaida havipitii USB. Kompyuta ya mezani huokolewa na lile tundu la mviringo la kijani la PS/2, kama lipo. Chomeka humo mashine ikiwa imezimwa, maana halikuundwa kuchomekwa umeme ukiwa unapita. Microsoft ilishaacha kuihudumia Windows 7 tangu Januari 2020, kwa hiyo mashine yenye nguvu ya kutosha ipewe mfumo mpya zaidi.

Jaribio la kumaliza ubishi, kabla ya mtu yeyote kufuta diski, ni kuwasha kompyuta kwa Ubuntu iliyo kwenye flash. Ubuntu ni Linux ya bure, na inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flash bila kusakinishwa. Kipanya kikitembea humo, vifaa ni vizima na Windows ndiyo mgonjwa. Kisipotembea, na simu ikakikubali, kosa liko kwenye matundu au bodi.

Ukilazimika kumkabidhi fundi mashine

Kama majaribio yote yameishia kwenye Windows na fundi anataka kuisakinisha upya, okoa kazi yako kwanza, kwa kibodi.

1. Chomeka flash. Shika Windows na E kufungua mafaili.
2. Kwa Tab na vishale, nenda kwenye Documents, kisha Bureau, maana wengi huhifadhi kazi zao juu ya skrini bila kukumbuka.
3. Andika herufi za mwanzo za jina la faili ili lichaguliwe, kisha Ctrl na C.
4. Nenda kwenye flash, Ctrl na V.

Kama matundu yote yamekufa, faili litumwe kwa barua pepe kwa kibodi hiyohiyo. Bila intaneti, mwambie fundi atoe diski aisome kwenye mashine nyingine kwa kiunganishi. Ni kazi ya kawaida, na umlipie hiyo kabla ya nyingine yoyote. Halafu peleka flash kwenye kompyuta ya mtu mwingine, fungua faili, na uteremke hadi ukurasa wa mwisho uone umo.